Bi Visigino na Bango la Majeneza

Mwandika mabango wa mtaa wa karakana alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mcheshi, na mtindo wake wa kuandika ulikuwa mmoja tu. Mingine aliijua, ila ilimchosha. Herufi zake zilikuwa nene, zimevaa visigino juu na chini, na ncha zote zimeviringana kama sabuni iliyotumika wiki nzima. R yake ilitupa mguu mbele kama inayotaka kucheza. Saluni, duka la maziwa, shule ya chekechea, kote zilitamba. Watu wakambandika jina la Bi Visigino, naye akaitika.

Asubuhi moja akaingia jirani yake, fundi wa majeneza.

"Dada, niandikie bango."

Bi Visigino akaangua kicheko. Alipoona mwenzake hacheki, akaweka brashi chini. "Kaka, unanitafutia balaa. Herufi hizi ni za aiskrimu. Waliofiwa watasema tunawacheka."

"Bango langu la sasa lina herufi zilizochongoka kama misumari. Watu wanafika, wanasoma, wanaganda barabarani. Juzi mzee mmoja alisimama mpaka nikamtolea kiti huko huko nje. Mimi nataka waingie."

Hilo la kiti lilimkaa moyoni. Siku mbili alichora na kufuta. Njano ilileta harusi; nyekundu ndiyo usiseme. Mwishowe akachukua buluu iliyokolea, akaachanisha herufi zipate kupumua. Dada yake, aliyemletea chai, akasoma na kushika kiuno.

"Wewe! Umerukwa na akili? Majeneza yanatabasamu!"

"Hayatabasamu. Yanakaribisha."

Alijibu hivyo, kisha akapanda ngazi kulitundika.

Wa kwanza kusimama chini yake alikuwa mwalimu mstaafu, bibi mwenye mkongojo. Akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama yuko darasani. Bi Visigino akafumba macho kule juu, akingoja matusi.

"Nani kaandika hizi?"

"Mimi, mama. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Miaka thelathini nimefundisha watoto kuandika, sijapata kuona A iliyoshiba namna hii!"

Akaingia ndani moja kwa moja. Mzima wa afya, akajichagulia jeneza lake mwenyewe, akiligongagonga kama mtu anayenunua kabati, fundi mdomo wazi. Sharti lake lilikuwa moja: jina lake liandikwe ubavuni kwa herufi zile zile.

Bi Visigino alishinda naye mchana kutwa, wakibishana juu ya ukubwa wa herufi ya kwanza, mwalimu akimsahihisha kila baada ya mstari, wote wawili wakicheka hadi machozi. Jioni jeneza likapelekwa nyumbani kwa mwalimu. Akapanga humo mablanketi na madaftari yake ya zamani, kwa kuwa, alisema, hana haraka yoyote.