Kiswahili cha Mama Mkwe

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Jumamosi moja kule Akheri, nikiwa bibi harusi mpya, khanga mpya mabegani na maikrofoni mkononi. Heri nisingepewa ile maikrofoni. Lakini nilipewa, tena niliipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyekuwa akiingojea.

Ngoja nikueleze kwanza nilifikaje hapo, maana wewe umenizoea hivi nilivyo, mama wa mtaa wa Sakina anayesalimia kila mtu njiani hadi unachoka kutembea naye. Sikuzaliwa hivi. Nilizaliwa Nakuru, Kenya, nikavuka mpaka wa Namanga nikiwa msichana, kuja kumsaidia binamu yangu aliyekuwa na duka la spea za magari hapa Sakina, Arusha, kwenye barabara ya Nairobi. Nilikuja na begi moja na kichwa kilichovimba. Kiingereza nilikuwa nacho, Nairobi nilikuwa naijua, na nilidhani Kiswahili nakijua pia.

Kumbe wapi. Siku za mwanzo niliingia duka la jirani nikasema, "Nipe mkate." Mwenye duka, mzee wa Kiislamu kutoka Kondoa, akaniangalia kwa upole akaniuliza habari za asubuhi. Nikamjibu nzuri, nipe mkate. Akaniuliza habari za nyumbani. Mkate niliupata, lakini baada ya habari zote kwisha, na wanawake wawili nyuma yangu walikuwa wameziba midomo kwa khanga wasicheke. Huku kitu huombwa, mwanangu, hata kama hela unayo mkononi. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unaniita Mkenya, na mafundi wa gereji ya pili wakiniona napita wanaambiana, "Nipe spana," kisha wanacheka hadi wanashika magoti.

Iliniuma. Sikutaka waone kwamba imeniuma, kwa hiyo nami nikaanza kuwachekesha kwa mambo yao wenyewe. Jicho la mgeni huona mengi, na mimi nilikuwa na jicho kali na ulimi mkali zaidi. Nikawa naeleza nilivyouona mji wa Arusha. Kwamba mtu anakula chakula chake, hakujui humjui, anakwambia karibu, na ukikaribia kweli anashangaa. Kwamba ukijikwaa, mtu aliye ng'ambo ya barabara anakwambia pole kana kwamba jiwe kaliweka yeye. Kwamba fundi wa Arusha hajui neno hapana, anajua kesho. Kwamba nilikuwa bado sijaolewa na kila mtu ananiita mama. Niliwaigiza sauti, mikono na mwendo. Watu walicheka na kunipenda kwa hayo, na nilipogundua wananipenda nikazidisha.

Mmoja wa waliocheka ni Elibariki, dereva wa lori la mchanga, Mmeru wa Akheri, chini ya mlima Meru, aliyekuja kununua bolti ambazo nadhani hakuwa na shida nazo. Yeye ndiye baba wa wanangu. Kabla ya ndoa alinipeleka kwao nikawasalimie wazazi. Baba yake, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, alizungumza Kiswahili vizuri. Mama yake hakuwa na Kiswahili, ila kile cha sokoni cha kutaja bei ya mkungu na kushukuru. Maisha yake yote aliishi kwa Kimeru, na Kimeru kilimtosha.

Siku ile ya kwanza, baada ya chakula, mama alisimama mbele yangu. Akaniangalia, akavuta pumzi, akaanza. "Nyumba hii," akasema, akakwama. Mkono wake ukawa unazunguka hewani kama anasokota uzi, anatafuta neno. Akaanza tena, "Nyumba hii ni..." likaja neno la Kimeru, akalikataa kwa kichwa, akatafuta tena. Mwishowe akasema, "Nyumba hii ni wewe." Akatabasamu kwa kufurahi kwamba amemaliza. Nami nikatabasamu kwa adabu, huku moyoni nikikiweka akiba kituko hicho.

Turudi basi kwenye ile Jumamosi. Tulikwisha kufunga ndoa Nakuru, na wazazi wa Elibariki wakafanya sherehe ya kunipokea katika ukoo. Uani palijaa watu, turubai limefungwa hadi kwenye migomba. Baada ya watu kula, mshereheshaji akaja kwangu, akasema bibi harusi ni mgeni nchini, hebu atuambie ameionaje Arusha yetu. Ndipo nikapokea ile maikrofoni.

Nilianza na mkate. Wakacheka. Nikaja kwa fundi na kesho yake, wakapiga makofi. Nikawaigiza wasalimianao njiani hadi gari likaondoka na kuwaacha. Watu walikuwa wanafuta machozi kwa kicheko, na mimi nilikuwa nimelewa kicheko chao. Nikasema, na mama mkwe wangu je? Nikavuta pumzi kama alivyovuta yeye, nikauzungusha mkono hewani, nikakwama alipokwama. "Nyumba hii ni wewe," nikasema kwa sauti yake. Kisha nikajitazama mwilini, nikauliza paa langu liko wapi.

Vijana walicheka. Wakubwa walianza kucheka, wakakatisha. Elibariki alikuwa anaangalia viatu vyake. Mama mwenyewe, aliyekuwa amekaa mbele kabisa na wenzake wa kanisani, alicheka kidogo, akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga, akainuka taratibu kwenda jikoni, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha kitu motoni. Mshereheshaji akaipokea maikrofoni haraka, akaomba muziki.

Asubuhi yake baba mkwe aliniita nyuma ya banda, alikokuwa anakatakata vigogo vya migomba kwa ajili ya ng'ombe. Hakuacha kukata. Akanionyesha gogo, akasema, "Kaa hapo, mama." Nikakaa. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonivunja, maana ningegombezwa ningejitetea.

Aliniambia kwamba tangu Elibariki alipowapa habari zangu, mama hakuwa na raha. Si kwa sababu nimetoka Kenya. Alichouliza ni kimoja, kama yule binti anajua Kimeru. Akaambiwa hajui. Kuanzia hapo, kila siku ya soko alipopeleka ndizi Kikatiti, akishauza alikuwa habaki kupiga soga na wenzake. Alikuwa anakwenda kukaa kwenye duka la mama mmoja wa Tanga, anajifunza maneno. Anauliza hili laitwaje, lile laitwaje, na njia nzima ya kurudi anayasema peke yake asije akayapoteza. Baba mkwe alimtania, uzee wote huu na wewe unaanza shule. Akamjibu kwamba mtoto wa watu atakuja nyumbani humu, na wote wakitoka kwenda shambani, nani ataongea naye?

"Lile ulilowaigizia watu jana," baba mkwe akasema, "alilifanyia mazoezi mwezi mzima. Alitaka kukwambia nyumba hii ni yako."

Mwanangu, nimeona aibu nyingi maishani, lakini ile ilinikaa mwilini. Nilikuwa nimechekwa Sakina kwa Kiswahili changu, nikajua jinsi inavyouma, kisha nikamtafuta mwenye Kiswahili kidogo kuliko changu nikamcheka mbele ya ukoo wake. Tena alikuwa amekiazima kwa ajili yangu tu, hakikuwa na kazi nyingine kwake.

Nilikwenda jikoni nikapiga magoti nikamwomba radhi. Alinishika kichwa, akatikisa kichwa chake kunionyesha yamekwisha, akanipa kikombe cha maziwa ya moto. Hakusema neno. Nilidhani ni siku ile tu.

Haikuwa siku ile tu. Mama hakuninunia, usije ukafikiri hivyo. Tulipokwenda kwake Jumapili alinipikia ndizi laini nilizozipenda, na siku ya kuondoka alinijazia kikapu. Lakini Kiswahili chake kilikwisha. Akitaka kuniambia kitu anamwambia Elibariki kwa Kimeru, na Elibariki ananiambia mimi. Tukibaki wawili, anaimba taratibu au anachambua maharage, na nikimuuliza jambo anaitikia kwa kichwa. Alikuwa anaona aibu kufungua mdomo mbele yangu. Aibu ile niliitia mimi, na kumwomba kwangu radhi au kunisamehe kwake hakukuweza kuitoa. Nilikuwa nakaa naye jikoni natamani hata akosee neno moja tu.

Sikuwa na njia nyingine ila kuvuka upande wake. Nikamwomba wifi yangu anifundishe Kimeru kwa siri. Ulimi wangu ulikuwa mzito, mwanangu, usione hivi. Maneno yalinikimbia, na niliyoyashika niliyaweka mahali pasipo pake. Nilikuwa nikiwaza yule mama wa Akheri akitembea peke yake kutoka sokoni anarudia maneno, nami narudia yangu nikihesabu bolti dukani.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilikwenda kulelewa uzazi kwa mama mkwe. Wanawake wa kanisa wakaja kumwona mtoto, wamebeba maziwa na ndizi za kupika mtori, ile supu ya mzazi, chumba kikajaa. Nikasema leo ndiyo leo. Nikajiinua kitandani nikaanza kuwashukuru kwa Kimeru. Sentensi ya kwanza ilipita. Ya pili ikaninasa katikati. Nikaanza tena, nikakwama palepale, jasho linanitoka. Mmoja akacheka, wengine wakafuata. Mimi niliinamisha uso kwa mtoto, nikajua kwamba hii ni haki yangu.

Mama alikuwa mlangoni na sufuria ya uji. Tangu ile Jumamosi hadi mtoto kuzaliwa sikuwa nimesikia neno la Kiswahili kinywani mwake. Akaitua sufuria chini. Wale wote walikuwa wenzake wa Kimeru, angeweza kuwakanya kwa Kimeru nisijue. Lakini alitaka nisikie.

"Mwacheni," akasema. "Anatafuta."

Kicheko kikakatika. Akaja akakaa kitandani karibu yangu, akaningoja. Nililia, na wale wanawake wakasema ni uchovu wa uzazi.

Basi mwanangu, wewe unayefunga begi kwenda kukaa mji wa watu, sikia. Utaona mambo yao na mengine yatakuchekesha, na hakuna dhambi kucheka. Jicheke mwenyewe kwanza. Lakini ukimwona mtu anahangaika kutafuta neno la lugha yako, usimwigize, usimmalizie kwa haraka, wala usimsimulie kwa wenzako jioni. Huyo ametoka kwao kuja kukukuta. Mngoje. Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayetafuta neno, usione haya kulikosa mbele ya watu. Walau watajua kwamba unawatafuta.

Nenda salama. Mungu akujalie majirani wa kukuuliza habari za nyumbani, na akuepushe na ulimi niliokuwa nao mimi. Na kila utakapokwama, akuwekee karibu mtu wa kukungoja kama alivyoningoja mama yangu wa Akheri, na akujalie nawe uwe mtu huyo kwa mwingine. Amina.