Simu Nyembamba ya Baba

Baba yangu hupiga pasi suruali mpaka leo. Tunakaa Kashojwa, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ambako vumbi halina adabu, na bado kila Jumamosi anatia makaa kwenye pasi, anainyoosha suruali mpaka mkunjo unasimama wenyewe. Majirani humcheka. Mimi pia nilikuwa namcheka, na yeye jibu lake lilikuwa moja:

"Mukimbizi si lazima afanane mukimbizi."

Naanza na suruali ili mtu asije akadhani baba alikuwa mjinga wa simu. Hakuwa mjinga. Alikuwa mtu wa kupenda vitu vizuri, na kule kwetu Kivu ya Kusini, Kongo, kabla ya mambo kuharibika, tabia hiyo haikumdhuru mtu yeyote.

Mama hakukimbia pamoja nasi. Alikuwa amepanda milimani kumuuguza bibi, mama yake mzazi, ambaye miguu ilikuwa imekataa kabisa. Risasi zilipoanza, mimi na baba tulikuwa huku chini karibu na ziwa. Tulikimbia na watu, na njia ya kwenda kwa bibi ikafungwa nyuma yetu. Tulipofika Uganda baba alitafuta laini ya simu kabla hajatafuta sufuria. Ile namba ilimfikia mama kwa mdomo, kupitia mchuuzi wa chumvi aliyekuwa bado anathubutu kupanda kule. Mama hakuwa na simu na kuandika kulimpa shida, basi aliikariri, akaiweka kichwani pamoja na nyimbo za kanisa. Siku ya soko, akikutana na mtu mwenye simu na roho nzuri, alitupigia.

Kwa hiyo sisi hatukuweza kumtafuta. Ni yeye tu aliyeweza kututafuta. Ukiipiga namba aliyoitumia wiki iliyopita, unampata mfuga ng'ombe anayekuambia huyo mama alishaondoka zamani. Makubaliano yao yalikuwa haya: siku bibi akifumba macho, mama atashuka, atapiga simu kabla hajaanza safari, na baba atamwelekeza njia yote, nani wa kumwamini, wapi pa kulala, wapi pa kuvukia mpaka. Mwanamke peke yake haanzi safari ile bila kuelekezwa. Tuliishi tukisubiri simu hiyo moja.

Laini yenyewe ilikuwa na jina la mtu mwingine. Wakati ule karatasi za mkimbizi hazikutosha kukupatia laini, basi wengi wetu tuliazima majina. Sisi tuliazima la mke wa askari mmoja wa Uganda, mama mnene, mcheshi, aliyekuwa akija Kaberebere siku za soko kununua maharage na kuyauza kwa wenzake waliokaa kwenye kambi ya jeshi Mbarara. Baba alimuuzia maharage. Yule mama alimpenda kwa usafi wake, akatoa kitambulisho chake bila maneno mengi.

"Sasa wewe ni bwana yangu kwa simu," alimwambia.

Simu ya kwanza ilikuwa katochi, ile ndogo ya vibonye yenye tochi kichwani. Sura haikuwa nayo. Mfuniko wake wa nyuma ulifungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na herufi zilikuwa zimefutika zote. Lakini ukiichaji leo, unasahau lini utaichaji tena. Ilianguka kwenye beseni la maharage, ilianguka kwenye tope, ikaendelea. Hata nyuma ya jiko, ambako simu za watu wengine zilikuwa hazishiki mtandao, yenyewe ilishika. Mama alipopiga, alipokelewa. Sijui mtu anataka uzuri gani zaidi ya huo, lakini hayo nasema sasa.

Siku moja mama alipiga akiwa na furaha. Mchungaji wa kijiji cha bibi alikuwa ameletewa simu ya picha, na alikuwa tayari kuwaazima waumini.

"Pasta iko na telefone ya kuonesha sura," mama alisema. "Na nyinyi mukipata moja, nitaona mutoto wangu."

Baba hakula vizuri siku hiyo. Mama aliniacha nikiwa nafika kiunoni kwake, na sasa nilikuwa nimempita baba urefu. Maharage ya msimu ule yote aliyauza kwa ajili ya simu, na tukaenda Mbarara mimi na yeye.

Dada wa dukani alituwekea simu mbili juu ya kioo. Moja ilikuwa nene kama kipande cha sabuni ya kufulia. Nyingine ilikuwa nyembamba, mgongo wake wa kioo, ukiigeuza inabadilika rangi kutoka kijani kwenda zambarau.

"Hii ya munene ni ya kazi," alisema, naye baba alimwita ssebo na mimi nyabo, yaani bwana na bibi. "Betri yake inakaa, na network inashika hata kijijini. Lakini sura hapana, ssebo."

"Na hii ingine?" baba aliuliza.

"Hiyo ni ya watu smati. Kwa arusi wote wanapiga picha nayo."

"Chaji yake?" niliuliza mimi.

"Chaji ni ya kidogo, nyabo. Lakini si unaiona mwenyewe?"

Nilimgeukia baba. "Papa, tukamate hii ya munene. Kwetu Kashojwa hakuna fasi ya kushaji kila siku."

Aliichukua ile nene, akajitazama kwenye kamera yake. Uso ulitokea wa kijivu, umefifia, uso wa mtu aliyetoka kuugua. Akaichukua ile nyembamba. Humo alikuwa yeye kabisa, na kola ilionekana hadi ukingo wake. Akanivuta nami niingie, tukajiona wote wawili.

"Mama yako akituona, aone tuko bazima," alisema. "Ile ingine inatufanya kama bagonjwa."

Akahesabu pesa juu ya kioo. Kila ninayemsimulia habari hii husema baba alijivuna. Ni kweli alijivuna, sikatai. Lakini aliyekuwa anajipamba kwa ajili yake alikuwa mke wake, na mke wake alikuwa mbali, na hakuwa na namna nyingine ya kumfikia. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, tulifundishwa hivyo shuleni. Mwalimu hakutuambia kwamba mkakasi wenyewe unaweza kununuliwa kwa mapenzi.

Shida ilianzia pale pale mlangoni. Laini yetu ilikuwa ya zile za zamani, kubwa, na simu nyembamba ilikuwa na tundu la kadi ndogo sana. Fundi wa kando ya barabara akaichukua laini, akaiweka kwenye kikatio chake, akabonyeza. Kadi ikatoka ndogo kama punje ya hindi, na mabaki yake yakabaki kama fremu ya picha isiyo na picha. Baba aliyafunga mabaki kwenye leso.

Nilimuuliza kwa nini tusiache namba anayoijua mama kwenye katochi, tukatafuta laini nyingine kwa ajili ya simu mpya. Alinitazama kana kwamba nimetukana. Kwanza, jina lingine la kuazima lingetoka wapi? Pili, mchungaji wetu hapa Kashojwa alikuwa amehubiri juu ya wanaume wa laini mbili, kwamba laini mbili ni wanawake wawili, na baba alikuwa shemasi. Mahubiri yale yalikuwa yamewalenga vijana wahuni wa sokoni. Walioyatii ni watu kama baba.

Mama tulimwona mara moja tu. Simu ililia mchana, baba akaifuta skrini kwa shati, na uso wa mama ukatokea, umekonda, umeinama karibu mno hivi kwamba tuliona paji na macho tu. Kisha akamwambia baba, "Ungali unavaa muzuri," akacheka, na mimi nikalia kwa sauti kama mtoto mdogo. Alikuwa anasema kitu juu ya urefu wangu mtandao ulipokatika. Siku hiyo nilimsamehe baba simu nyembamba, na nilidhani nimesamehe moja kwa moja.

Lakini simu ile ilikuwa inazimika saa sita mchana. Kuchaji tulikuwa tunaipeleka kwenye kibanda cha mwenye sola, naye huzima simu zote anazopokea ili zijae haraka. Kwa hiyo simu ya fahari ilikaa kibandani kuliko mfukoni, imezimwa, na sisi tulikuwa tunaenda kuitembelea kama mgonjwa. Nilipata hofu. Mama angepiga saa hizo je?

Baba naye alipata hofu, na dawa aliyoitafuta ndiyo waliyoitumia wengi Kashojwa wenye simu za namna ile. Asubuhi laini ilikaa kwenye simu nyembamba. Ikizimika, anaitoa kwa ncha ya hereni yangu, anairudisha ndani ya ile fremu yake, anaishikisha kwa gundi ya karatasi, anaitia kwenye katochi. Kesho yake anaibandua tena. Kwa hiyo uzuri ulipata zamu yake na kazi ikapata yake, na kadi maskini ikawa inahamishwa kila siku kama sisi wenyewe. Nilimwambia itavunjika. Aliniambia mikono yake ilikuwa ya fundi cherehani, kazi aliyoiacha Kivu, haivunji kitu.

Ilivunjika Jumapili, baada ya ibada, watu wakimsubiri apige picha ya bwana na bibi arusi. Zamu ya laini ilikuwa ya simu nyembamba, na gundi ilikuwa imekamata kuliko siku zote. Alivuta, na kadi ikatoka nusu, sehemu ya dhahabu imepasuka katikati. Alijaribu kuiunga kwa kidole. Watu wa arusi walikuwa wamesimama wanatabasamu, wanasubiri, na yeye ameshika vile vipande viwili.

Ofisi ya kampuni ya simu Mbarara walimsikiliza vizuri. Namba inaweza kurudishwa, walisema, ila aliyeiandikisha lazima aje mwenyewe na kitambulisho. Namba ya mke wa askari ilikuwa imehifadhiwa ndani ya laini ile ile. Kaberebere alikuwa hajaonekana misimu miwili. Basi tukaenda kwenye lango la kambi ya jeshi. Askari wa lango alimwona baba alivyovaa, akamletea kiti.

"Huyo mama hayuko, mzee," alisema. "Bwana yake walimpeleka upande wa Karamoja, mbali kabisa. Familia yote ilienda."

"Unaweza kunipatia namba yake?"

"Hapa hatupatiangi watu namba."

Suruali ilimpatia kiti. Namba haikumpatia. Tulirudi hivyo hivyo, na njia nzima sikumsemesha, kwa sababu nilimchukia. Nasema nilimchukia na sitafuti neno laini zaidi.

Namba ya mchungaji wa kule tuliipiga kwa simu za majirani, haikupatikana, basi tukatuma neno kwa kila aliyekuwa anarudi upande ule. Waliofika walituambia kijiji cha bibi kimetawanyika, mchungaji naye kahama, hakuna anayejua nani kaenda wapi. Baadaye karatasi za wakimbizi zikaanza kukubaliwa, baba akapata laini kwa jina lake mwenyewe, akaitia kwenye katochi. Simu nyembamba aliiuza, hakusema kwa nani. Kila Jumapili alikuwa anaipiga namba yetu ya zamani, na sauti ya kike inamwambia haipatikani. Nadhani alipenda kusikia hivyo. Ilikuwa na maana kwamba namba bado haina mtu.

Halafu Jumapili moja ikaita. Baba aliweka sauti ya nje, tukasimama wote wawili.

"Hallo, ni nani?" Mwanamume, Mganda, nyuma yake ng'ombe wanalia. Alisema anaishi Ruti, kando ya Mbarara, anauza maziwa.

Baba alijieleza. Yule mtu alisikiliza mpaka mwisho.

"Ssebo, hii laini ni yangu sasa. Ilikaa bila kazi, kampuni wakanipatia mimi."

"Hakuna mutu alipiga, anasema Kiswahili?"

"Eeh, alipiga. Mama mmoja. Kiswahili kama hii yako."

Baba alishika ukuta. "Alisema nini?"

"Alisema mama yake amekufa, sasa anataka kukuja, mwambie njia. Mimi nikasema sijui huyo mtu unatafuta. Akauliza, mwenye simu alikufa?"

"Ukamujibu nini?"

Tulisikia mwanamume yule akisogea mbali na ng'ombe. "Ssebo, mimi nilisema vile nilikuwa najua. Nikasema mama, laini ya mtu hawapatii mwingine kama mwenyewe yuko. Pengine alikufa. Akauliza mtoto. Nikasema mtoto pia sijui. Pole sana."

Baba alimwomba namba aliyopigia mama. Ilikuwa imepita miezi, simu yake haikuitunza. Baba alimshukuru, akamtakia baraka kwa ng'ombe zake, kama inavyopasa, na akakata.

Mimi nililia. Yeye hakulia. Alikaa kwenye kigoda nje ya mlango mpaka jua likashuka, na nilipomletea chai hakuigusa. Kwetu mwanamke akipata habari kwamba mume amekufa, hunyoa kichwa chote, na akinyoa amekubali, hatafuti tena. Nilijua ndiko mawazo yake yalikokuwa.

"Unazani alinyoa?" aliniuliza.

"Hapana, Papa. Pengine hakumuamini ule mutu. Hamujui hata sura."

Alitikisa kichwa.

"Mama yako anaaminiaka batu," alisema.

Na ni kweli, anawaamini.