Siku Nilipouruka Mtaro wa Elkana

Nakumbuka asubuhi ile ya Jumamosi, huko Laini Saba, Kibera, kaka yangu Elkana alipochimba mtaro mbele ya nyumba yetu na mimi nikauruka. Sogea karibu, mwanangu, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Na usinikatize sana. Habari hii hunichosha kila ninapoisimulia, lakini naona wewe na ndugu yako mmeanza kununiana, kwa hiyo nitaisimulia tena.

Elkana ndiye aliyetangulia kuja Nairobi kutoka kwetu Maragoli, miaka ile ya kwanza baada ya uhuru. Alikuwa fundi wa vitanda. Mimi nilimfuata nilipomaliza darasa la saba, kijana mwenye haya kiasi kwamba nikitumwa dukani nilisubiri duka liwe tupu ndipo niingie. Tulipokelewa na mama mmoja Mnubi, Mama Zainabu, ambaye baba yake aliletwa huku kama askari, na ardhi ile alikuwa amezaliwa juu yake. Alituonyesha mahali nyuma ya nyumba yake akasema, "Jengeni hapa. Msiniletee vita tu."

Tulijenga vyumba viwili vya udongo chini ya paa moja. Unajua vile vyumba vya Kibera vinavyojengwa kwa mstari. Kati ya chumba na chumba huwa kuna ukuta mmoja tu, na ukuta huo ndio unaobeba mabati ya pande zote mbili. Ukuta wa Elkana ulikuwa wangu, na wangu ulikuwa wake. Siku ya kukandika, majirani walikuja wakavua viatu wakakanyaga udongo pamoja nasi, na mabinti wa Mama Zainabu wakaleta chai. Shemeji yangu Rebeka, mke wa Elkana, alipiga udongo kwenye fito kuliko wanaume wote. Nilifurahi sana siku ile. Sidhani nimewahi kufurahi vile tena.

Sasa, nilikuwa nimekuja na kitabu kimoja cha historia, cha shule, kisicho na jalada. Mwalimu wangu alinipa kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Elkana hakujua kusoma. Jumapili tukitoka kanisani alijilaza kwenye kitanda ambacho hakijapata mnunuzi, akasema, "Haya, mwalimu. Soma."

Nami nilisoma polepole, kidole kikifuata maneno, habari za Warumi wa kale na jinsi mji wao ulivyoanza. Watoto wawili mapacha, Romulus na Remus, wametupwa mtoni ili wafe. Maji yanawaacha ukingoni, mbwa mwitu jike anawanyonyesha, mchungaji anawaokota na kuwalea. Wakiwa wakubwa wanataka kujenga mji, lakini kila mmoja anataka kilima chake. Wanakubaliana kutazama ndege angani, atakayependelewa na ndege ndiye achague. Remus anaona ndege sita, anaona kwanza. Romulus anaona kumi na wawili, lakini amechelewa. Wanabishana. Romulus anachimba mtaro na kuanza ukuta wake, Remus anauruka kwa kuucheka, naye Romulus anamuua ndugu yake na kusema, hivi ndivyo atakavyofanyiwa kila atakayeruka ukuta wangu.

Hapo Elkana alikuwa akiinuka kitandani. "Huyo ni mwanamume," alisema. "Rudia pale pa mbwa mwitu."

Nilirudia. Jumapili iliyofuata, tena. Mwaka mzima hatukuvuka ukurasa ule. Nilikuwa msomaji wa polepole, yeye alikuwa mtu wa kusinzia, na akiamka alitaka tuanze mwanzo. Kurasa za mbele zilibaki safi kabisa, wakati zile za mwanzo zilikuwa nyeusi kwa kidole changu.

Ugomvi wetu ulikuwa mdogo, mwanangu. Ulikuwa juu ya nafasi iliyokuwa mbele ya vyumba, upande wa njia inayoelekea kwenye reli. Elkana aliitaka iwe karakana, vitanda vionekane na wapita njia. Mimi nilikuwa na msichana niliyemfikiria, ingawa mwenyewe hakujua bado, na nilitaka pale niongeze chumba ili mlango wangu utazame njia kama mlango wa mtu mzima. Kila mmoja alikuwa na haki yake. Siku moja Elkana akasema kwa kicheko, "Tutazame ndege basi, kama wale wenzetu."

Tukapanda juu ya tuta la reli, tukatazama upande wa msitu. Rebeka alisimama chini na mtoto mgongoni akitucheka. "Wanaume wazima," alisema, "mnangoja kunguru wawagawie uwanja."

Mimi niliona mwewe kwanza, kama watatu hivi. Muda si muda, upande wa Elkana likatokea kundi zima.

"Mimi nimetangulia," nikasema.

"Mimi nimezidi," akasema.

Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye mawe ya reli. Nilidhani mambo yameishia pale. Lakini wiki ile Elkana hakucheka tena. Alikuwa akiniangalia wakati wa kula kama mtu anayehesabu mbao. Nikaona, na sikuuliza. Haya ilinifunga mdomo. Ningemuuliza tu, "Kaka, mbona hivyo?" Sikuuliza.

Jumamosi nilikwenda bombani mapema. Niliporudi na debe la maji kichwani nilimkuta amechimba mtaro kutoka kwenye kona ya ukuta hadi kwenye njia, mbele ya mlango wangu kabisa. Mwuza mkaa na wenzake walikuwa wamesimama wakitazama. Elkana alisimama na jembe lake, jasho linamtoka, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mji wangu unaanzia hapa. Asivuke mtu."

Mwanangu, maneno yale tulikuwa tunayajua watu wawili tu pale. Nilidhani ananiita mchezoni. Nilidhani ndiyo njia yake ya kusema tumalize. Nikatua debe chini, na mimi yule wa haya, mbele ya watu wote wale, nikauruka mtaro.

Mwuza mkaa akapiga makofi. "Elkana! Mpaka wako umevukwa na mchota maji!"

"Bado hajalipia hata kiingilio," mwingine akasema, nao wakacheka wote.

Nilimtazama kaka yangu nikitabasamu, nikingoja acheke. Uso wake ulikuwa umegeuka. Aliliinua jembe juu, na nikaona kwamba analileta kwangu. Sikukimbia. Ndipo Rebeka akaingia katikati, mtoto mgongoni, akanyoosha mikono yote miwili, mmoja kifuani kwa mumewe na mwingine kifuani kwangu. Hakupiga kelele. Alisema, "Anza na huyu wa mgongoni, Baba Yona. Halafu mimi. Halafu ndugu yako."

Elkana akageuka. Hasira ilikuwa bado mikononi, akaipeleka ukutani, kwenye ule ukuta wa katikati. Alipiga udongo ukadondoka, fito zikakatika, akapiga tena mpaka nguzo ikalia. Nadhani aliona anauvunja ukuta wangu. Mabati yalishuka pande zote mbili kwa pamoja, kwake na kwangu, yakalala juu ya vitanda vyake na juu ya sanduku langu. Vumbi likapanda. Wale waliokuwa wakicheka wakaondoka mmoja mmoja.

Mama Zainabu alitoka nje akasimama akitazama. "Elkana," alisema, "hiyo ardhi unayoichimbia mji ni yangu."

Elkana alilitupa jembe. Jioni ile alikodi mkokoteni, akapakia vitanda vilivyopona, akahamia mtaa wa Kawangware na Rebeka na mtoto. Mimi nilifukua kitabu kwenye vumbi.

Nilikaa kibarazani kwa Mama Zainabu siku kadhaa, sina la kufanya. Yeye alikuwa akisuka vifuniko vya ukindu vya rangi, na hakuinua macho aliponiuliza, "Hicho kitabu ndicho kilichowafunza kuchimbiana mitaro?"

Nikamweleza habari ya wale ndugu. Akasikiliza. Kisha akauliza, "Ikawaje baada ya hapo?"

"Sijui, mama. Hatukufika."

Hapo ndipo akauacha ukindu. "Mwaka mzima unamsomea kaka yako namna ya kuua ndugu, na hukumsomea kilichofuata? Wewe unayejua kusoma? Yeye alikuwa amelala, mtoto wangu. Wewe ulikuwa macho. Soma."

Nikasoma. Ilinichukua siku nyingi, yeye akisuka. Kitabu kilisema Romulus alibaki na ukuta mzuri na mji usio na watu. Basi akatengeneza mahali pa kukimbilia, akafungua lango kwa yeyote aliyefukuzwa kwao: watumwa waliotoroka, wahalifu, watu wasio na kabila la kuwapokea.

"Hao ni wapangaji wangu," alisema Mama Zainabu. "Endelea."

Lakini walikuwa wanaume tupu, na majirani zao walikataa kuwaoza binti zao. Wakawaita majirani, Wasabini, kwenye sherehe, wakawateka binti zao. Mama Zainabu akasonya. "Hapo wameharibu. Binti wa watu huombwa." Wasabini wakaja kupigana. Vita vikiwa vikali, wale binti, ambao sasa walikuwa mama, wakaingia katikati ya majeshi na watoto wao, upande huu waume zao, upande ule baba zao na kaka zao. Wakasema, tuueni sisi kwanza. Na majeshi yakashusha silaha. Wakafanya mji mmoja, wafalme wawili wakitawala pamoja. Baadaye Warumi walikubali hata wafalme waliotoka kwa watu wengine. Hivyo ndivyo kijiji cha vibanda vya udongo juu ya vilima kilivyoanza kukua.

Mama Zainabu aliuweka ukindu chini. Kisha akasema, "Huyo wa katikati ni Rebeka. Nenda Kawangware ukamsomee mumewe."

Sikwenda, mwanangu. Ngoja nipumue kidogo.

Nilikuwa nikiondoka asubuhi na kitabu chini ya kwapa, nafika Ngong Road, nasimama pale kando nikifikiria nitasema nini mlangoni, halafu narudi. Haya si unyenyekevu. Nilikuja kujua hivyo nimechelewa. Nilioa, na Elkana hakuwepo. Alipata mtoto wa pili, sikwenda. Niliukandika upya ule ukuta wa katikati, na upande wa pili akaingia mpangaji mwingine, mtu mwema, lakini nikisikia akikohoa usiku nilisahau nikafikiri ni kaka.

Miaka ikaenda. Siku moja Rebeka alikuja mwenyewe, miguu ina vumbi la njia nzima. Hakukaa. "Kifua kimemlaza," alisema. "Anauliza kama mwalimu bado ana kile kitabu."

Tulikwenda pamoja. Chumba chao Kawangware kilikuwa nyuma ya karakana, na Elkana alikuwa amelala kwenye kitanda alichokitengeneza mwenyewe, amekuwa mwepesi kama fito. Nilisimama mlangoni. Hatukusalimiana. Alisema, "Tuliishia wapi?"

"Pale anaporuka," nikasema.

"Soma mbele."

Nikakaa kwenye stuli nikamsomea, kidole kikifuata maneno kama zamani. Safari hii hakusinzia. Habari ya lango la watu waliofukuzwa ilimpendeza. Nilipofika pale wanawake wanapoingia katikati, Rebeka alikuwa anapepeta mchele karibu na mlango, na Elkana alimgeukia akamtazama mpaka nilipomaliza ukurasa. Rebeka akasema, "Mnanitazama nini? Someni."

Kisha Elkana akauliza, "Yule Remus. Aliruka kwa dharau, au kwa mchezo?"

"Kitabu kinasema alicheka."

"Sijauliza kitabu. Wewe uliruka kwa nini?"

Nikamwambia, "Nilidhani tunacheza, kaka."

Alifumba macho. Kifua kilikuwa kikipanda na kushuka kwa shida. "Ungesema," akasema.

"Ungeniuliza."

Akacheka, na kile kicheko kilimletea kikohozi, na nikamshika mgongo mpaka kikapita. Nilikaa naye mpaka mwisho wake, ambao haukuwa mbali. Tulimpeleka nyumbani Maragoli, na Yona, yule aliyekuwa mgongoni kwa mama yake, ndiye fundi wa vitanda ninayemwita mwanangu wa kwanza.

Basi, mwanangu, hili ndilo ninalotaka uondoke nalo. Ukimwona ndugu yako amebadilika uso, muulize siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka, na ukifanya mchezo wakati yeye hachezi, mwambie ulikuwa mchezo kabla watu hawajakusaidia kucheka. Usimwonyeshe mpaka mbele ya watazamaji. Na kabla hujainua jembe, kumbuka ukuta ulioko kati yenu unabeba mabati ya nani. Kama ni wewe unayejua kusoma, usimwache mwenzako kwenye ukurasa wa damu kwa sababu ndio aliouzoea. Mji wa Warumi ungeishia kwenye ule mtaro kama hakuna aliyefungua lango na kama hakuna aliyethubutu kusimama katikati.

Nenda sasa, ndugu yako amerudi kutoka kazini, nimemsikia akifungua mlango. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuuliza na mkono mzito wa kuinua jembe. Akupe Rebeka wako, na akupe jirani utakayemsikia akikohoa na uweze kumwita kwa jina lake. Nami nipumzike.