Glovu Alizonivalisha Dada

Dada yangu alianza kulia kabla sijaumia.

Narudia, maana najua mtasema nimekosea kuandika. Kabla. Mashine hata haijashika kasi, yeye tayari machozi yanamtoka.

Mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani ni vumbi.

Ngoja niwaeleze vizuri. Tulikuwa kiwanda kimoja cha vijiko, uma na visu, vile vya chuma kisichoshika kutu. Mimi nilikuwa upande wa kukata. Bamba linaingia kwenye mashine, linatoka na umbo la kijiko, kingo kali kama wembe. Huko bila glovu nene humalizi hata asubuhi moja.

Dada alikuwa chumba cha kung'arisha, miaka mingi. Unashika kijiko, unakikandamiza kwenye gurudumu la kitambaa linalozunguka kama limerogwa, mpaka king'ae kama kioo.

Alikuwa na ndoto moja tu: meza ya kuchagulia. Pale unakaa kitini kama bosi, unainua kijiko kwenye mwanga. Kizuri kinapita, chenye mkwaruzo kinarudi kikafanyiwe kazi upya.

Aliyekuwa akikaa pale akastaafu. Msimamizi akanichagua mimi.

"Huyu ana jicho," akasema. "Apitie kung'arisha kwanza, ajue kazi inavyofanywa. Dada yake atamfundisha."

Dada akanikumbatia mbele ya watu wote. "Hongera, mdogo wangu!"

Jamani, kikulacho ki nguoni mwako.

Siku ya kwanza nikaona wenzangu wote wanashika vijiko mikono mitupu. Nikauliza kulikoni.

"Hao vidole vyao vimeshakufa ganzi," dada akajibu. "Kijiko kikisuguliwa kinawaka moto. Wewe vaa glovu zako za kule kukata."

Akanivalisha mwenyewe, akazikaza vizuri, kama mama anavyomvalisha mtoto sweta. Hapo ndipo nilipoyaona yale machozi.

Gurudumu likanasa ncha ya glovu.

Mkono mtupu ungeteleza, nikapona na mchubuko. Glovu haitelezi. Inavutwa, na kilichomo ndani kinaifuata.

Vidole viwili. Sielezi zaidi, wengine mnakula.

Msimamizi alikuja wodini anafoka. "Nani alikwambia uvae glovu kwenye gurudumu? Hata mfagiaji anajua ni marufuku!"

Dada alisimama nyuma yake, hapumui. Tukatazamana.

"Mazoea tu, bosi," nikasema. "Nilitoka nazo kule kukata."

Msimamizi alipoondoka, dada akapiga magoti kando ya kitanda. Analia kwa kwikwi. "Umenisamehe?"

"Nimekusamehe."

Nadhani hapo alishaanza kujiona kwenye kile kiti. Mtu wa mkono mmoja na nusu atachagua nini?

Kumbe kuchagua ni kazi ya macho. Kung'arisha ndiko nisikokuweza tena. Msimamizi naye aliogopa nisije nikamshtaki, akanikalisha mezani haraka kuliko alivyopanga.

Trei ya kwanza kuletwa mbele yangu ilikuwa ya dada.

Nikainua kijiko. Safi. Nilijiona mpaka kope za macho.

Nikakitupa kwenye kikapu cha kurudia. Na cha pili. Trei nzima.

"Vina nini?" akauliza.

"Mikwaruzo."

"Mbona mimi siioni?"

"Ndiyo maana hukupewa kiti."

Akaichukua trei yake akarudi kwenye gurudumu, mikono mitupu, chuma kikimchoma. Na kesho yake vilevile. Na keshokutwa. Amlalamikie nani? Akinishtaki, nitaulizwa nimemkasirikia nini.

Jana alikuja na malengelenge yamepasuka, hawezi hata kukunja ngumi. Akaninong'oneza, "Mdogo wangu, si ulisema umenisamehe?"

"Nimekusamehe, dada," nikamwambia. "Rudia hivi."

Basi funzo ni hili. Mtu uliyemtenda vibaya akikusamehe upesi upesi, usishangilie. Angalia kwanza kazi yako inapita mikononi mwa nani.