Kinundu cha Jioni

Kazini walimwita Mama Mawimbi, ingawa kuogelea hajui na chombo kikiyumba kidogo tu hutapika. Kazi yake ilikuwa kuisuta kompyuta. Kompyuta ilikadiria kimo cha mawimbi kwa kufuata upepo. Boya lililofungwa nje ya bandari liliyapima mawimbi yenyewe. Naye aliweka mstari wa buluu wa boya juu ya mwekundu wa kompyuta, aone nani kasema kweli. Chumba chake kilikuwa na feni ya kunung'unika na dirisha lililotazama ukuta. Bahari aliiona kwenye kioo cha kompyuta tu, ikipanda na kushuka polepole, hata asijue kama yuko macho au anaota.

Kila jioni mistari iliachana. Ule wa boya uliinua kinundu kidogo, kisha ukatulia. Mkubwa wake alikagua vipimo tena na tena. Mama Mawimbi alikijua kinundu kile fika, ila alijikausha. Kilikuwa kiwimbi cha kivuko alichoendesha mumewe. Zamani, mkewe alipoanza kazi hiyo, nahodha yule alimwambia kwamba kila akirudi atapita karibu na boya ili amsalimie. Sasa binti yao alikuwa ameolewa, na nyumbani maneno yalikuwa yamewakauka. Hawakugombana, walipeana chumvi mezani, wakazima taa. Salamu iliyobaki ilikuwa ile ya kwenye kioo, na aliipenda mno.

Hatimaye mkubwa akang'amua. Akamwagiza amwambie mumewe apite mbali, la sivyo vipimo vyote vya jioni vitatupwa. Mama Mawimbi alirudi nyumbani akiwaza. Akisema, salamu ndiyo imekwisha. Akinyamaza, kazi yake imeharibika.

Nahodha alikuwa mezani akimenya chungwa.

"Mume wangu, usipite tena karibu na boya," alimwambia. "Mistari yangu haikutani."

Kisu kikasimama. Nahodha akainua uso, akamtazama sawasawa, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi.

"Kumbe bado unaniona?"

"Kila siku."

Nahodha akaligawa chungwa. "Sasa nitakusalimiaje?"

Mama Mawimbi akavuta kiti, akaketi karibu naye, akachukua kipande cha chungwa.

"Kwa mdomo," alisema.

Jioni ya pili yake mistari ililala pamoja, wa buluu juu ya mwekundu, na mkubwa akaja mbio kumwonyesha. Alikuta kiti kitupu. Mama Mawimbi alikuwa ameshatoka, amekwenda gatini kumpokea nahodha.