Miti Kumi na Miwili ya Nukiat, na Mmoja Dume

Siku ya kwanza nilijaza udongo kwenye karatasi za plastiki za kupandia miche tangu asubuhi hadi jioni, na sikusema neno. Nilikuwa nimetoka kwetu, karibu na Burnt Forest, na cheti cha darasa la nane tu. Jioni Msimamizi wa kitalu hicho cha miche, mtaa wa Pioneer mjini, alikuja kukagua. Aligonga karatasi moja kwa kidole.

"Huyu haongei," akawaambia wenzangu, "lakini udongo wake umeshikana. Abaki."

Nilibaki miaka sita. Naandika haya polepole kwa ajili ya wanaoanza kazi hii, maana kosa langu kubwa nililifanya kwa ustadi.

Kazi niliyoipenda ni ya nukiat. Huu ni mti wetu mdogo wa huku juu, wenye miiba, na matunda yake ya rangi ya machungwa ni makali hadi shavu linakaza. Ukipanda mbegu hujui utapata nini: mti mmoja huwa jike ukazaa, mwingine huwa dume ukatoa maua tu. Kwa hivyo tulibebesha. Unakata kijiti cha mti unaozaa, unakichonga kama kabari, unakiingiza kwenye shina la mche mchanga, kisha unakifunga kwa nailoni mpaka vishikane. Kufikia mwaka wa pili vijiti vyangu vilishika kuliko vya Msimamizi, na yeye mwenyewe aliwaonyesha wageni.

Kwenye pembe ya kitalu palikuwa na nukiat dume moja zee. "Hapa hatulishi madume," Msimamizi alisema. Nikaling'oa na mizizi yake yote.

Mwaka huohuo Mama Akinyi, mwalimu mstaafu kutoka upande wa ziwa, alinunua miche yangu kumi na miwili kwa boma lake la Elgon View, mtaa wa jirani. Alitaka fensi ya kumpa matunda ya jemu. Yote niliibebesha kutoka mti mmoja, ule uliozaa kuliko yote, na kila mwezi nilienda kuipogoa. Mwaka wa tatu ilichanua, haikuzaa. Mwaka wa nne ikachanua tena.

"Kijana, maua nimeona," Mama alisema. "Maua hatuli. Yakianguka bure tena, natoa fensi yote naweka ukuta."

Nilifungua ua moja, nikafungua lingine, nikapita miti yote. Kila ua lilikuwa na kinundu cha kijani katikati. Hakuna hata moja lililokuwa na vumbi la manjano la madume. Nilikuwa nimempandia majike matupu, na dume la karibu nilikuwa nimeling'oa mwenyewe.

Nilimweleza Msimamizi nikiangalia viatu vyake.

"Mimi ndiye nilikutuma uling'oe," alisema. "Lakini kwa Mama utaenda wewe. Mkono uliobebesha ndio utaeleza."

Asubuhi iliyofuata nilienda kwetu, nikakata matawi yenye maua kwenye nukiat dume la bomani kwa nyanya yangu, nikayafunga kwa gunia bichi, nikarudi mbio Elgon View. Langoni nilimwambia:

"Mama, hata uwe na ng'ombe kumi na wawili wa maziwa, bila fahali huwezi kupata ndama."

Aliangalia gunia, akaniangalia. "Kwa hivyo umeniletea bwana harusi ndani ya gunia?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mabibi kumi na wawili. Ataweza?"

Aliniletea majagi manne ya maji mwenyewe. Niliyafunga katikati ya miti, matawi yakiwa ndani. Nyuki walifika kabla sijafunga la mwisho.

Matunda yalipoiva, Mama aliuma la kwanza, akafumba macho. "Kali," alisema, akachuma lingine. Ukuta haukujengwa.

Sasa nina kitalu changu kwetu. Mteja akitaka miche kumi na miwili, namfungia kumi na mitatu. Wengi hukataa ule usiozaa, nami huweka jembe chini nikaongea mpaka wakubali.

Msimamizi alistaafu kabla sijaondoka Pioneer. Siku yake ya mwisho aliniita kwenye ile pembe, tukapanda nukiat dume palepale nilipong'oa lile la kwanza. Nilirudisha udongo, nikaushindilia. Aliinama na kuugonga kwa kidole.

"Umeshikana," alisema.