Wimbo wa Lori Linalorudi Nyuma

Asubuhi hii lori la mchanga limerudi nyuma hapa nje likipiga ule wimbo wake wa ting-ting wa kuonya watu, noti mbili zinazobembea kama mtoto mgongoni. Binti yangu Mwende akaanza kuufuatisha kwa mdomo. Nikapandwa na hasira, lakini si kwake. Wacha niwaambie.

Nilipokuwa wa umri wake, mama alifagia kanisa letu huku mtaani Mowlem kila Jumamosi, nami nikimsaidia. Mbele palikuwa na piano, imefunikwa vitambaa vyeupe vya kushona kwa mkono kama makochi ya wageni, na maua ya plastiki juu. Siku moja nilivitoa, nikafunua kifuniko, nikazitafuta noti za lori kwa kidole kimoja. Nikazipata! Nilisisimka mpaka visiginoni.

Kifuniko kikashuka, pa! Nusura kinikate vidole. Alikuwa mwalimu wa kwaya.

"Nani amekufunza hiyo?"

"Lori, mwalimu."

Wanakwaya waliokuwa wakiingia mazoezini wakaangua kicheko. Mama, ufagio mkononi, akasema, "Muombe mwalimu msamaha." Nikaomba. Msamaha wa nini, hata leo sijui. Tangu hapo watoto wa ploti yetu ya nyumba za kupanga wakaniita Lori. "Niaje Lori! Rudi nyuma! Rudi nyuma!" Nikarudi nyuma kweli. Piano sikuigusa tena.

Juzi niliusikiliza wimbo huo wa lori wote kwenye simu, kumbe ni wa piano, wa zamani, nikasoma habari zake. Aliyeutunga alikuwa akipoteza uwezo wa kusikia. Alimtungia msichana ambaye watu bado wanabishana alikuwa nani. Yaani asiyejulikana alitungiwa wimbo, na mimi niliyejulikana mpaka mlango wetu nikafungiwa kifuniko!

Na kumbe lori hupiga mwanzo tu, pale patamu. Huko mbele mkono wa kushoto unagonga noti moja nzito, unagonga tu, kama mtu aliyefungiwa nje na anajua wamo ndani. Nililia jikoni, kitunguu hakikuwepo. Utotoni niliudhani wimbo mpole, na mimi ndiye mkosa adabu. Wimbo wenyewe una hasira!

Jumapili nilimuuliza mzee wa kanisa kama Mwende anaweza kujifunza piano. "Mama Mwende, hiyo haiguswi na watoto," akasema, akinyoosha kitambaa. Vitambaa ni vilevile.

Jumamosi tunakwenda. Vitambaa nitavikunja mimi. Anayetaka kufunga kifuniko, atakifungia juu ya vidole vyangu.